Likizo ya Ng'ambo: Tusiuze Mashine kwa Ajili ya Bembea

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu



Naomba nafasi katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili nitoe dukuduku langu. Jambo lenyewe linahusu likizo, na hasa ile likizo ya familia kupanda ndege kwenda kucheza katika bustani za bembea za ng'ambo. Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. Mnasema, "Huyu naye! Kipini na likizo ya ng'ambo, wapi na wapi?" Chekeni tu, lakini mkishamaliza nisomeni hadi mwisho, kwa maana jambo hili nusura liikoseshe nyumba yetu chakula.

Desemba 2024 ami yangu alirudi likizoni kutoka Dubai, ambako anafanya kazi ya udereva. Alimletea bibi kanga, akatuletea sisi viatu, na zaidi ya yote alikuja na simu iliyojaa video. Kila jioni baada ya Magharibi tulimzunguka mkekani tukitazama maajabu. Tuliona bustani ya Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, yenye kigari cha reli kinachokimbia kilomita 240 kwa saa. Tuliona na IMG Worlds of Adventure ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2016, bustani nzima iko chini ya paa, na ndani ati mna baridi kama ya friji. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 5, alitoka mbio uani akawa anauzunguka mnazi huku akipiga mayowe, "Mimi ndiye gari! Mimi ndiye gari!"

Ami akacheka. Akasema, "Agosti shule zikifungwa njooni nyote. Malazi juu yangu."

Baba akajibu, "Inshallah."

Sasa ninyi mnawajua watoto. Ile inshallah ya Baba sisi tuliihesabu kuwa ndiyo. Kufika Januari darasa zima la kitinda mimba lilikuwa linajua kwamba yeye anakwenda Dubai.

Hesabu nilipiga mimi, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu la hisabati. Watu watano: Baba, Mama, mimi, ndugu yangu wa kati na kitinda mimba. Bibi alikataa mapema, akasema kuku wake hawana wa kuwaachia. Pasipoti tano, viza tano, tiketi tano za ndege kwenda na kurudi, viingilio vitano, na chakula. Nilipojumlisha nikadhani nimekosea. Nikajumlisha tena. Jumla ilizidi bei ya mashine ya boti ya Baba.

Usiku mmoja wa Juni 2025 nikamsikia Baba akizungumza na mtu barazani. Ulikuwa wakati wa kusi, boti imefungwa na mashine imelazwa ndani imefunikwa gunia. Mtu yule alikuwa anauliza mashine ina miaka mingapi na inakula mafuta kiasi gani. Baba akamwambia, "Kusi likiisha nitatafuta nyingine." Mama alikuwa jikoni anakanda unga wa mahamri ya asubuhi. Nilimtazama. Hakusema neno, ila unga ule aliukanda kwa nguvu kuliko kawaida. Baadaye nikaja kujua kuwa yeye naye alikuwa ameomba zamu yake ya chama iletwe mbele.

Ndugu msomaji, wazazi hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona furaha ya watoto wao, wakashindwa kuizima. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami naongeza kuwa hata mzazi aweza kupotezwa na uchungu huo.

Kilichotuokoa ni makosa ya watu wengine. Cheti cha kuzaliwa cha kitinda mimba kilikuwa kimeandikwa jina la Baba kwa herufi isiyo yake. Mtoto hapati pasipoti bila ya cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na majina hayo sharti yalingane. Baba akaenda ofisini, akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa alete karatasi nyingine. Nauli juu ya nauli. Agosti ikaingia, ikatoka. Kitinda mimba alilia siku mbili, na yule mnunuzi akapata mashine kwingine. Novemba kaskazi lilipoanza kuvuma na bahari ikatulia, Baba alifunua gunia, akafunga mashine kwenye boti akaenda zake baharini. Samaki wa msimu ule ndio walionilipia chakula cha mchana hapa shuleni mwaka huu wa 2026.

Kwa hivyo mimi nashukuru herufi moja iliyokosewa. Lakini je, nyumba iendeshwe kwa bahati namna hiyo? Hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Kabla sijaendelea, nawajibu wale wasemao kuwa starehe si yetu. Wako wanaoshikilia kwamba likizo ya mwanafunzi ni ya masomo ya ziada, na atakayecheza atafeli. Hao nawakumbusha kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Tena Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kifungu hicho hakikusema mtoto wa Nairobi au wa Mombasa. Kilisema mtoto, na mtoto wa Kipini yumo.

Wako pia wasemao, "Mnakwenda kutafuta nini nje, na nyumbani hamkujui?" Kweli, tuna magofu ya Ungwana hapo jirani, tuna kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo, tuna mto unaoingia baharini mbele ya macho yetu. Watu hutoka mbali kuja kuviona. Mimi nimekwenda Ungwana mara tatu kwa miguu na nitakwenda tena. Lakini anayeijua nyumba yake hakatazwi kupiga hodi kwa jirani. Kuyaona haya hakunizuii kuyatamani yale.

Basi, mimi sipingi safari. Ninalopinga ni safari ipangwayo kwa video ya simu. Nasema safari ipangwe kwa kalenda yetu, kwa mfuko wetu, na kwa kuambizana ukweli. Nitaeleza moja moja.

Kwanza ni kalenda. Shule ina likizo tatu, lakini nyumba ya mvuvi wa Kipini haina likizo tatu. Likizo ya Aprili huangukia masika. Mwaka 2024 Mto Tana ulifurika, watu wakahama, barabara ikakatika, na serikali ikaahirisha kufungua shule hadi tarehe 13 Mei. Mtu aliyekuwa amekata tiketi mwezi ule alifanya nini? Likizo ndefu, ile ya Novemba na Desemba, ndiyo nzuri kwa matajiri, lakini kwetu ndio wakati wa kaskazi. Bahari ni shwari, samaki wapo na wachuuzi wapo. Mvuvi anayesafiri Desemba ni kama mkulima anayefunga mlango siku ya mavuno. Inabaki Agosti, wiki tatu hivi. Agosti Baba ana nafasi kwa sababu kusi limemkalisha, lakini kwa sababu hiyo hiyo mfuko wake ni mkavu.

Hapo ndipo tulipokosea mwaka jana. Tulitaka safari ya Agosti ilipwe na pesa za Agosti, na pesa za Agosti hazipo. Safari ya Agosti hulipwa na samaki wa Januari. Anayetaka kwenda aanze kuweka akiba wakati bahari inatoa, kidogo kidogo, kabla ya kusi. Asipofanya hivyo atajikuta anatazama kilicho ndani ya nyumba, na kilicho ndani ya nyumba ya mvuvi ni mashine.

Tena hata huko Dubai kwenyewe Agosti ndiyo mwezi mbaya. Joto hupita nyuzi 40, na watu hujificha ndani. Ile bustani kubwa ya Global Village, ambayo Ami aliisifu kuliko zote, hufunguliwa miezi ya baridi na hufungwa wakati wa joto. Tungeuza mashine, tukafika, tukakuta lango lina kufuli.

Pili ni mfuko, na mfuko ndio unaochagua mahali. Nani alisema ng'ambo ni Dubai tu? Ukivuka Lunga Lunga ukaingia Horo Horo umeshatoka Kenya. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, na hapo gharama tano zimeshafutika daftarini mwangu. Ndege hakuna, kuna basi la kutoka Mombasa kupitia Tanga hadi Dar es Salaam, safari ya kutwa nzima. Huko Kunduchi, kaskazini mwa jiji hilo, kuna bustani ya michezo ya maji iitwayo Kunduchi Wet 'n' Wild, yenye miteremko ya kuteleza na maji. Shilingi elfu 5 za kwetu huwa karibu laki moja za kwao. Ndugu yangu wa kati aliposikia laki moja alikaa kitako akasema, "Basi huko mimi ni tajiri." Nikamwambia subiri uone bei ya soda.

Mpango wetu wa sasa ni wa siku tano tu. Siku ya kwanza Kipini hadi Mombasa, tulale kwa shangazi. Siku ya pili Dar es Salaam. Siku ya tatu bustanini, kutoka asubuhi hadi kufunga. Siku ya nne Mombasa na siku ya tano nyumbani. Siku moja ya kucheza kwa siku nne za njiani, mtasema ni hasara. Lakini sisi watano hatujawahi kukaa pamoja kutwa nzima kwenye kiti kimoja cha basi, Baba akiwa hana wavu wa kushona wala Mama hana karai motoni. Kwangu mimi hizo siku nne nazo ni likizo.

Kwa faida ya atakayetaka kufuata, haya ndiyo niliyojifunza, na mengine niliyajua kwa machozi ya mdogo wangu:

Fungua sanduku la mama leo, si Julai. Toa vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, soma herufi kwa herufi na uvilinganishe na vitambulisho vya wazazi. Kosa likionekana Januari ni usumbufu, likionekana Julai ni msiba.

Uliza kuhusu chanjo ya homa ya manjano, kwani mpakani unaweza kudaiwa kadi. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imekamilika baada ya siku 10. Ukidungwa siku ya kufunga shule ukapanda basi kesho yake, kadi yako bado ni changa.

Pima watoto kimo. Bustani hizi zina michezo ambayo mtoto mfupi hakubaliwi kupanda, hata alie vipi. Mwambie akiwa bado nyumbani, asije akaambiwa na bawabu.

Piga simu uhakikishe bustani iko wazi siku unayokwenda. Uliza pia hali ya barabara na usalama. Sisi wa njia ya Garsen na Lamu hatuhitaji kufundishwa hilo. Tangu mashambulizi ya mwaka 2014 tumezoea kuuliza kabla ya kufunga mzigo.

Mwisho, nauli ya kurudi ifungwe kwenye kitambaa chake, na kitambaa kikae kwa Mama.

Tatu ni ukweli, na hili ndilo gumu kuliko yote.

Mwezi wa Februari mwaka huu Ami alipiga simu. Nilikuwa na swali lililokuwa likinisumbua, nikamwomba Mama simu. Nikamwuliza, "Ami, wewe ulipolipanda lile gari la kilomita 240, hukuogopa?"

Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijalipanda. Mimi huwapeleka watoto wa tajiri wangu, nikangoja nje kwenye gari. Zile video walinirushia wao."

Nikamwuliza tena, "Na malazi uliyosema?"

"Tunalala wanane chumba kimoja. Ningewatafutia pahali. Ningekopa."

Sikuwa na la kusema. Nilimwambia salamu zote zimefika. Usiku ule nilifikiri: Baba alikuwa tayari kuuza mashine asimwambie Ami. Ami alikuwa tayari kukopa asimwambie Baba. Mama alikuwa ameomba zamu ya chama asimwambie yeyote. Na sisi watoto tulikuwa tunangoja tu, hatujui lolote, tukijisifu shuleni. Watu wazima watatu walikuwa wanajiumiza kwa ajili yetu, kila mmoja kwa siri, na hakuna aliyetuita akatuuliza: nyinyi hasa mnataka nini?

Nilimweleza Mama. Mama alimweleza Baba. Siku ya Ijumaa baada ya chakula, Baba alituita sote mkekani, na Bibi pia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia baba yangu akitaja mbele ya watoto ni shilingi ngapi anapata kwa mwezi wa kaskazi na ngapi kwa mwezi wa kusi. Aliitaja ile ya kusi kwa sauti ya chini. Kisha akatuuliza mmoja mmoja. Ndugu yangu wa kati alisema anataka kuvuka mpaka aone kama ardhi ya upande wa pili inafanana na hii. Kitinda mimba alisema anataka kuteremka na maji, na Baba awe nyuma yake amemshika. Dubai hakuitaja kabisa. Mimi nilisema nataka twende mwaka huu.

Nilikuwa na sababu. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na mwakani, 2027, ndio tutakaofanya KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4. Nyuma yetu ni ndugu zetu wa Gredi ya 10, wenye njia yao. Agosti ya mwakani nitakuwa mtahiniwa. Baada ya hapo sijui nitakuwa wapi: chuoni, kazini, au nami nitakuwa ninangoja nje ya lango la watu kama Ami. Agosti hii ndiyo ninayoiona mbele yangu ambayo nyumba yetu bado ni nzima.

Baba alisema tutaona mwezi wa Julai. Mkebe uko juu ya kabati, na funguo anazo Bibi, maana Bibi hawezi kuhongwa. Mama hutia sehemu ya pesa za mahamri, Baba alitia za samaki hadi kusi lilipoanza, nami hutia ninazopata nikisuka watu nywele Jumamosi. Tulipouhesabu mara ya mwisho ulikuwa umepita nusu kidogo. Usipotimia hatutakwenda, na kitinda mimba ameshaambiwa hivyo. Alinuna, lakini hakulia. Akauliza tu, "Zimebaki ngapi?" Siku hizi akipata shilingi tano huja nayo mbio.

Kwa hivyo nawaomba wazazi wote wa Kipini, na wa Ozi, Witu na kwingineko, wenye jamaa Arabuni na wasio nao: msituogope. Mtoto akiambiwa hakuna, na akaonyeshwa kwa nini hakuna, huelewa. Nanyi wanafunzi wenzangu, tuache kuwabana wazazi kwa video za watu. Kabla hujamwuliza baba yako, "Lini tutakwenda?" muulize kwanza, "Tuna nini?"

Nikitia nanga, nawakumbusha jambo moja. Mababu wa pwani hii walikuwa wasafiri kabla ya ndege kuvumbuliwa. Waliondoka na kusi wakaenda Arabuni, wakarudi na kaskazi. Hawakung'oa nanga kwa sababu jirani kang'oa. Walingoja upepo wao, wakatengeneza tanga, wakatia maji na chakula cha kwenda na cha kurudi. Hakuna nahodha aliyeuza tanga ili apate nauli. Nasi tusafiri kama wao.

Mkituona Agosti tumepanda basi, tuombeeni salama. Mkituona tumekaa barazani, jueni mkebe haukujaa, na mashine iko chini ya gunia lake inangoja kaskazi.

Wasalaam.